Kabla Hujaisugua Riale Nyeusi

Riale nyeusi na riale inayometa, zikiwa na uzito mmoja, zikitiwa motoni hutoa fedha ileile. Sonara anayenunua kwa gramu anaijua hesabu hiyo, ndiyo maana haulizi kama umeisafisha. Anaiweka kwenye mizani. Basi kama ulinunua sarafu za zamani kwa ajili ya madini yaliyomo, jambo la kwanza la kufanya na weusi wake ni kutofanya lolote mpaka ujue una nini mkononi.

Tupige hesabu kidogo. Riale ya Maria Theresa ina kipenyo cha milimita 40 hivi. Uso wake wote, pande mbili pamoja na ukingo, ni kama sentimita za mraba 28. Tuseme imepiga weusi wa kutisha, utando wenye unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Fedha yote iliyofungwa ndani ya utando huo haifiki miligramu 20, na riale nzima ina miligramu 28,000 na ushee. Tena hata hizo hazijapotea. Zipo palepale, zimeungana tu na salfa iliyotoka hewani, na sarafu ikiyeyushwa salfa hiyo inaondoka na moshi. Anayetupa fedha ni yule anayechukua majivu na kitambaa akasugua mpaka mkono ukauma: chembe za majivu zinakwangua utando na madini ya chini yake kwa pamoja, halafu vyote viwili vinakwenda na maji.

Hata hivyo zipo sababu halali za kusafisha. Sarafu inaweza kuwa inanata, au ina ukijani unaoila. Unaweza kutaka kumpa bibi harusi mkufu wa riale, na riale ya makaa haifai shingoni. Au unapenda tu kuiona nyeupe, na hiyo nayo ni sababu. Mali ni yako. Nisichokubali ni sababu inayotajwa mara nyingi kuliko zote, kwamba ikimeta itapata bei. Kwa mnunuzi wa madini haitapata. Kwa mkusanyaji wa sarafu itashuka, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu, kwa kuwa yeye anatafuta ngozi ya asili, na ngozi iliyokwanguliwa hairudi.

Panga kwanza

Mwaga zote juu ya kitambaa mezani, uzitenge kwa aina. Afrika Mashariki utakutana zaidi na jamii tatu.

Ya kwanza ni riale yenyewe, yenye mama aliyejifunika ushungi upande mmoja na tai mwenye vichwa viwili upande wa pili. Karibu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki Maria Theresa, malkia huyo wa Austria, ingawa ziliendelea kupigwa Vienna, Rome, Paris, Brussels, London, Birmingham hata Bombay miaka mingi baada yake, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Oman na pwani yetu hawakuwa tayari kupokea sura nyingine. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha ni sehemu 833 katika 1,000. Yaani gramu 23.39 za fedha halisi. Riale nne zinakupa wakia tatu za fedha (wakia ya madini, gramu 31.1), na chembe ya kuongezea. Ishike kichwani hiyo, itakuokoa sokoni.

Ya pili ni rupia. Rupia ya India ya enzi za Victoria, Edward VII na George V ina gramu 11.66, fedha sehemu 917 katika 1,000. Uzito huo ndio tola moja ya masonara, kwa hiyo mizani ya tola inaipima bila kukokotoa. Rupia tatu ni wakia moja na kidogo. Lakini soma mwaka: za kuanzia 1940 zilishushwa hadi nusu fedha, na za 1947 hazina fedha hata chembe, ni nikeli. Rupia za Wajerumani wa Tanganyika, zenye kichwa cha Kaizari Wilhelm II, zina uzito na usafi uleule wa rupia ya zamani ya India.

Ya tatu ni shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima. Hii ndiyo inayowaangusha wengi. Zilizopigwa kuanzia 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha: gramu 7.78 za sarafu, fedha gramu 1.94, iliyobaki ni shaba na wenzake. Inahitajika shilingi kumi na sita kupata wakia moja. Za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli tupu, na simba ni yuleyule, mfalme yuleyule. Muuzaji akikuletea mfuko wa shilingi nyeupe zinazong'aa vizuri na bado zina makali ya chapa, chagua chache usome mwaka kabla hujafungua pochi. Mara nyingi ule weupe mzuri ndio nikeli. Zile za fedha robo zikishachakaa huwa na wekundu au unjano mahali palipoinuka, na hiyo si kutu ya kusafishwa. Ni shaba iliyomo inajitokeza. Kadiri unavyosugua ndivyo inavyozidi kuwa nyekundu.

Zipo zisizopaswa kuguswa kabisa, kwa kuwa thamani yake haimo kwenye uzito. Rupia yenye mizani na jina la Mombasa, ya 1888, iliyopigwa kwa ajili ya kampuni ya Waingereza. Rupia za kampuni ya Wajerumani za kati ya 1890 na 1902, zenye simba na mnazi, hasa zikiwa hazijachakaa, na zaidi ile ya rupia mbili. Florini ya Afrika Mashariki ya 1920. Riale ya fedha ya Sayyid Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, ambayo ukikuta moja inayouzwa kwa bei ya madini una haki ya kushuku kwanza kwamba ni bandia. Na riale yoyote ya Maria Theresa iliyogongwa chapa ya pili juu yake, kama zile za Msumbiji ya Wareno zenye herufi PM. Hizi ziweke pembeni na weusi wake wote, umtafute mtu anayejua sarafu.

Kuna jingine ambalo nalisema kwa ukali kidogo. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, vilipatikana ardhini visarafu vya fedha zaidi ya 2,000 vyenye maandishi ya Kiarabu, vya karne nyingi kabla ya Mreno kufika. Ni vidogo, vyepesi, vyembamba. Mtu akikuletea visarafu vya namna hiyo vyenye udongo, usivinunue kwa gramu na usivioshe. Hivyo ni vya makumbusho, na udongo ulionata juu yake ni sehemu ya habari yake.

Kusoma mwaka hakuhitaji kusafisha. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, ilaze karibu na meza ili mwanga upite juu ya sarafu kwa ubavu, tarakimu zitanyanyuka. Ikishindikana, weka karatasi nyembamba juu yake na usugue taratibu kwa penseli laini.

Hakikisha ni fedha

Usipoteze vifaa vyako vya kusafishia kwa shaba iliyopakwa fedha. Sumaku ni mtihani wa sekunde moja: fedha haishikwi. Lakini shaba na risasi nazo hazishikwi, kwa hiyo sumaku inaweza tu kumkamata mwongo mjinga.

Mtihani wa maji ni bora zaidi, na haukwangui kitu. Tafuta mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Kisha weka kikombe cha maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote majini bila kugusa chini wala ubavu wa kikombe, na hakikisha hakuna kiputo cha hewa kilichoganda juu yake. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Riale halisi itakupa kama 10.2, rupia ya zamani kama 10.3. Riale ya shaba ya manjano iliyotiwa rangi itakupa 8 na nusu au hapo karibu. Kwa kuwa ni mgawanyo, mtihani huu hufanya kazi hata kwa sarafu iliyolika. Kwa shilingi ya robo fedha haukusaidii sana, maana shaba ni nyingi mno. Huko mwaka ulioandikwa ndio ushahidi.

Kwa riale, angalia pia ukingo. Lazima uwe na maandishi ya Kilatini yaliyoinuka, IVSTITIA ET CLEMENTIA, yaliyo wazi. Zilizomiminwa kwenye udongo badala ya kupigwa huwa na herufi zilizovimba na vitundu vidogo kama vya pini. Na bandia nazo hutiwa weusi makusudi, kwa hiyo usiamini uzee unaoonekana kwa macho.

Soma rangi

Utando wa salfa huanza na unjano mwembamba, ukaenda kwenye kahawia, zambarau na bluu, mwisho mweusi. Rangi hizo ni unene tu. Huo ndio weusi wa kawaida na ndio unaotoka kirahisi. Huletwa na yai, kitunguu, sufu, mpira, gazeti, katoni ya bei rahisi, na hewa ya karibu na shimo la maji machafu. Unyevunyevu wa pwani huuharakisha. Ndiyo maana riale iliyofungwa kwa mpira na kutiwa kabatini hutoka na mstari mweusi palepale mpira ulipopita.

Ukijani mkavu, mgumu, kwenye mifereji ya herufi, ni wa shaba iliyochanganywa na fedha. Ukijani unaonata, unaoteleza kidoleni, ni jambo jingine: hutokana na mifuko ya plastiki laini, ile inayonuka kama pazia jipya la bafuni. Plastiki hiyo hutoa tindikali polepole na kuila sarafu. Huu ndio uchafu pekee ambao ningesema usiusubirishe, hata kama unanunua kwa ajili ya madini tu, kwa sababu unahama kutoka sarafu moja hadi nyingine.

Kijivu kizito chenye uzambarau kidogo, laini ukikigusa kwa ukucha, hupatikana kwa sarafu iliyokaa baharini au kwenye mchanga wa chumvi. Hapo fedha imeungana na klorini ya chumvi na mara nyingi imeliwa mpaka ndani. Huna la kusafisha. Ikiwa ni riale ya kawaida, ipeleke ikayeyushwe. Ikiwa inaelekea kuwa ya kale, rudi juu nilikotaja Mtambwe.

Maji na sabuni

Anza kwa kilicho chepesi. Maji vuguvugu, tone la sabuni ya maji isiyo na rangi wala marashi mengi, bakuli la plastiki lenye kitambaa chini ili sarafu ikianguka isigongwe. Iache dakika kumi, ipapase kwa vidole, isuuze. Uchafu mwingi wa mikono ya watu na vumbi utatoka hapo, na mara nyingi utagundua kwamba ulichokiita weusi kilikuwa jasho na moshi wa jiko vilivyoganda. Ukijani mgumu ulio kwenye herufi jaribu kuung'oa kwa kijiti cha meno cha mwanzi kikiwa kimelowa. Usitumie sindano.

Ukijani unaonata hautoki kwa sabuni. Unataka asetoni safi, inayopatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara na kwa wanaofanya kazi za faibaglasi. Dawa ya kutolea rangi ya kucha haifai, hata kama ina asetoni ndani, kwa sababu ina mafuta na marashi yanayobaki juu ya sarafu. Fanya nje, mbali na jiko, sigara na cheche, maana mvuke wake hushika moto haraka. Tumia chombo cha kioo. Kikombe cha plastiki kinaweza kuyeyuka. Tumbukiza, subiri dakika tano, geuza, mwaga, rudia kwa asetoni mpya. Asetoni haigusi fedha, inaondoa grisi na plastiki tu, kwa hiyo huwezi kuharibu kitu kwa kuirudia. Ikikauka, unaweza kukuta vidoa vya matundu chini ya ukijani. Hayo ni makovu, yatabaki.

Kuogesha kwa alumini

Sasa weusi wenyewe. Njia ninayoipendekeza haikwangui: inairudisha fedha iliyofungwa na salfa kuwa fedha tena, juu ya sarafu ileile. Alumini ina pupa ya salfa kuliko fedha. Zikigusana ndani ya maji ya moto yenye bikaboneti, salfa inahama, na sehemu yake inatoka kama gesi yenye harufu ya yai viza. Ukiisikia harufu hiyo ujue kazi inafanyika. Fungua dirisha, usiinamie bakuli.

Mahitaji yapo jikoni. Bikaboneti ya soda, ule unga mweupe unaotiwa kidogo kwenye maharage ili yaive upesi. Si beking pauda, ambayo ina tindikali na wanga ndani yake. Foili ya kufungia chakula. Bakuli la kioo au la udongo uliong'arishwa. Na kama nyumbani kuna sufuria ya alumini iliyokwisha kustaafu, imepinda na haina mfuniko, hiyo inatosha yenyewe bila foili, ila isirudi tena kupikia. Sufuria nyingi za kwetu ni alumini, kwa hiyo usitumie ile ya ugali halafu ukashangaa imekuwa nyeusi.

Tandika foili ndani ya bakuli, upande wowote juu. Panga sarafu zisipandane, kila moja iguse foili. Isipogusa hakuna kinachotokea. Nyunyiza kijiko kimoja cha chakula cha bikaboneti kwa kila nusu lita ya maji utakayotumia. Mimina maji yaliyotoka kuchemka, taratibu, kwa kuwa yatatoa povu. Chumvi ambayo wengine huiongeza iache. Inaharakisha kazi ya vijiko na vikombe, lakini kwenye sarafu yenye mifereji mingi mabaki ya chumvi ni mbegu ya ukijani wa kesho.

Subiri dakika moja, geuza kwa kibano cha mbao au plastiki, subiri nyingine. Weusi mwembamba utakuwa umekwenda. Mzito utahitaji maji mapya na foili mpya mara mbili au tatu, maana maji yakipoa na foili ikishapata ukungu kazi inasimama. Usiache sarafu humo usiku kucha kwa kudhani kwamba muda zaidi ni usafi zaidi. Na usichanganye na sarafu za shaba katika bakuli moja.

Kisha suuza kwa maji mengi ya bomba, na mwisho kwa maji yasiyo na madini yoyote. Hayo huuzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa kwa makini: maji ya betri na asidi ya betri hukaa rafu moja, mara nyingine kwenye chupa zinazofanana, na ya pili itakuchoma. Kausha kwa kukandamiza, bila kusugua, kwa kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika. Iache saa nzima hewani kabla ya kuifungia.

Usitarajie kioo. Sarafu itakuwa nyeupe isiyo na mng'ao mkali, kwa sababu fedha iliyorudi imejipanga ovyo juu ya uso. Wengi hapa huvunjika moyo, wakachukua kitambaa cha kung'arishia, na kazi yote nzuri ikaharibika ndani ya dakika moja. Ikiwa ni ya madini, tulia. Ikiwa ni ya mkufu, mpe sonara aing'arishe kwa gurudumu, mara moja tu, ukijua kwamba baada ya hapo ni pambo na si sarafu tena.

Riale zenye kipete kilichochomelewa, zilizotoka kwenye mikufu ya zamani, zinahitaji uangalifu. Masonara wa Oman, Zanzibar na Uhabeshi walizitumia riale kama malighafi kwa vizazi, na vipete vingi vilichomelewa kwa mchanganyiko wenye madini dhaifu. Maji ya moto hayataviondoa, lakini uzito wa kichomeleo si uzito wa fedha. Ukipata riale ya kipete yenye gramu 31, usihesabu gramu 31. Na kipambo kilichotiwa weusi makusudi kwenye mifereji ili nakshi ionekane kisiogeshwe kwa alumini kabisa. Kitatoka kimefutika uso.

Vya kuacha dukani

Dawa za kuchovya, zile za chupa zinazosafisha fedha kwa sekunde tano, huwa na thiourea na tindikali. Zinafanya kazi kweli, lakini kwa kuyeyusha utando na kuondoka nao, na thiourea si kitu cha kuchezea jikoni bila glavu. Kama tayari unayo, chovya na utoe papo hapo, suuza sana, na usiirudie kila mwezi.

Dawa ya meno, unga wa kusugulia masinki, waya wa sufuria, mchanga, majivu: vyote ni msasa. Ndimu na ukwaju vimezoea shaba na vinaipenda. Kwenye riale vitaikimbilia ile shaba iliyomo, na weusi wa salfa vitauacha palepale. Jiki ni mbaya kuliko zote, kwa kuwa klorini yake huitia fedha weusi mpya, mgumu kuliko ule uliotaka kuutoa. Na usipake mafuta ya nazi baada ya kusafisha. Yakichacha yanakuwa tindikali, na shaba iliyomo inaanza kutoa ukijani.

Sarafu mpya za uwekezaji

Ndugu walioko Marekani, Kanada, Uingereza au Ghuba wengi hununua sarafu mpya za wakia moja: Eagle ya Marekani, inayotolewa tangu 1986, au Maple Leaf ya Kanada, tangu 1988, yenye fedha 9,999 katika 10,000. Kwa kuwa hazina shaba ya maana hazitoi ukijani, lakini weusi hupata kama nyingine, na baadhi hutoa vidoa vyeupe vya maziwa hata zikiwa hazijawahi kuguswa. Vidoa hivyo havitoki kwa alumini, wala kwa sabuni, wala kwa asetoni. Fedha safi ni laini mno, kitambaa cha kawaida huichora. Sarafu hizi zibaki ndani ya vikasha vyake vya plastiki ngumu. Mnunuzi atalipa wakia moja, yenye vidoa au isiyo na vidoa.

Kuhifadhi

Sarafu iliyooshwa iko uchi na itapiga weusi upesi kuliko ilivyokuwa. Ishike kwa ukingo, kwa mikono iliyooshwa na kukauka. Itie kwenye kifuko kigumu kinachochakarika, kisichonuka, halafu kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza, pamoja na vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya. Punje hizo hunyonya unyevu mpaka zikashiba; wanaoishi Lamu, Pemba au Muscat wazibadilishe mara kwa mara. Raba za kufungia, gazeti, soksi ya sufu na kabati la mbao mbichi viweke mbali.

Siku ya kuuza

Fungasha kila aina peke yake: riale, rupia za zamani, rupia za nusu fedha, shilingi. Ukizichanganya, utalipwa zote kwa usafi wa ile duni. Pima mwenyewe nyumbani, sarafu moja moja kwa riale, kwa jumla kwa shilingi, uandike, kwa kuwa sarafu iliyozunguka mikononi mwa watu miaka hamsini haiwezi kuwa na uzito wa siku ilipopigwa. Sonara atakata asilimia kwa ajili ya kusafisha madini na faida yake, na ni haki yake. Unachotakiwa kujua ni kwamba anakata ngapi, na kutoka bei gani. Peleka kwa wawili uone tofauti.

Jambo la mwisho la kuuliza ni kipimo. Bei ya dunia hutangazwa kwa wakia ya madini, gramu 31.1. Mizani ya jikoni, ukiibonyeza ikuonyeshe wakia, inahesabu ile ya gramu 28.35. Ukichukua namba ya mizani ya jikoni ukaizidisha kwa bei ya dunia, utapata karibu sehemu ya kumi zaidi ya haki yako, na utamwita sonara mwizi bure.